Leo Nimeizika Grenda ya Fundi Kibwana

Jumamosi jioni, Agosti. Vumbi tupu.

Upepo wa Kahama leo umeamka kabla yangu. Nguo za wateja nilizozitundika kibandani zimebadilika rangi, midomo imenipasuka, na kila nikimeza mate nasikia mchanga. Siku ya namna hii kwa kawaida nashinda nimenuna. Leo nimeshinda nikicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha heri.

Nimelipiza kisasi.

Sentensi hiyo nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Mnaopita kwenye ukurasa wangu huu mmezoea nikiwaandikia mambo ya vitenge, mishono na umeme unaokatika nikiwa katikati ya kola. Leo mshono ni mmoja tu, nao ni wa sanda.

Nianze na Masanja, kwa kuwa bila yeye hakuna cha kuandika.

Masanja ni mdogo wangu, kitindamimba wa kwetu Kishapu. Nilipokuja Kahama kufungua kibanda cha cherehani alinifuata na mkokoteni na punda wetu jike, Limi. Anauza maji. Kutwa nzima Limi anasimama kwenye tope la bombani akisubiri madumu yajae, na tope hilo linamharibu miguu. Kule Kishapu ardhi ni kavu, ina changarawe, kwato za punda zinajisugua zenyewe. Huku zinalainika, zinarefuka, zinapinda mbele mpaka mnyama anatembea anajikwaa. Lazima zikatwe.

Masanja alikuwa anazikata mwenyewe kwa kisu na tupa aliyoachiwa na baba. Anauweka mguu wa Limi kwenye paja lake, anasugua, anapumzika, anasugua tena, huku anamwimbia nyimbo za machungani. Kazi hiyo inamla asubuhi nzima, na Limi anasinzia.

Halafu akaja Fundi Kibwana na grenda yake.

Kibwana ni Mzaramo. Alikuja huku kufuata dhahabu kama wengine, shimo halikumlipa, akafungua karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, mkabala kabisa na kibanda changu. Kinachotutenganisha ni barabara. Siku moja alimwona mtu anahangaika na ukwato wa punda kwa kisu, akamwambia asogee. Akachukua grenda, ile mashine ya mkononi ya kukatia vyuma, akaiwasha. Vumbi jeupe likaruka, harufu kama ya nywele zilizoungua ikajaa mtaani, na kabla watu hawajamaliza kushangaa ukwato ulikuwa umekatika. Wakampigia makofi.

Mji wetu ndivyo ulivyo. Hapa kila jiwe linapelekwa karasha likasagwe, na mtu anayetumia mkono anaonekana amechelewa kuzaliwa. Nani akae na tupa asubuhi nzima wakati kuna mashine? Kibwana akaandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana: KWATO HAPA. Watu wakaja.

Ile grenda haikuwa na kava. Kava ni kile kibati cha kumkinga mtu, diski ikipasuka vipande visimrukie. Kibwana alikitoa kwa mkono wake, kwa sababu alitaka kufunga diski kubwa kuliko inayotakiwa, diski zilizokwisha kutumika, alizokuwa anazipata kwa watu wa machimboni. Wala hakulificha jambo hilo. Alikuwa anajisifu kwamba kava ni ya waoga.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua inanyesha. Masanja alimpeleka Limi kwa sababu mteja mmoja mwenye ujenzi alikuwa anamharakisha maji. Mimi nilikuwa hapa hapa, mguu kwenye pedali ya cherehani, naona kila kitu. Walimfunga Limi kwenye geti ambalo halijakamilika. Masanja akachuchumaa, akaubana mguu wa punda pajani kama alivyozoea, uso wake karibu na ukwato. Kibwana akavaa maski yake ya kuchomelea, akaishusha mpaka kidevuni.

Maski ilikuwa moja. Mwenye nayo aliivaa.

Hilo sitalisahau hata nikizeeka nikasahau majina ya wanangu.

Grenda ilipowaka, Limi alishtuka. Mnyama aliyezoea kuimbiwa! Akavuta mguu, diski ikabanwa kwenye ukwato, ikapasuka. Kipande kimoja kilitoboa bati la karakana. Kingine kilimwingia Masanja kwenye jicho la kushoto. Nilivuka barabara bila viatu. Nilipofika, Kibwana alikuwa anapandisha maski yake taratibu, uso mzima mzima, hata jasho hana, na mdogo wangu yuko kwenye tope amejishika uso, damu yake na damu ya punda zimechanganyika.

Jicho halikuokolewa. Ukwato wa Limi ulikatwa mpaka kwenye nyama hai, akakaa zizini mpaka mvua zikaisha, na mpaka leo anachechemea.

Kibwana alikuja hospitali na mfuko wa machungwa. Nilimwona anaingia mlangoni, nikamsubiri aseme pole. Neno moja. Hata mtu akijikwaa barabarani wapita njia wanampa pole. Kibwana alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama Masanja na bandeji yake, halafu akasema kwa sauti ya wodi nzima kusikia:

“Sasa wewe Msukuma, ng'ombe wako si utakuwa unawaona nusu nusu!”

Wodi ikacheka. Nesi akacheka. Masanja naye akacheka, huku mdomo unamtetemeka.

Kama unasoma hili ukiwa mbali na huku, nikueleze kidogo. Wasukuma na Wazaramo ni watani. Ni mambo ya mababu, tangu enzi za safari za miguu kwenda pwani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya sahani ukiwa unakula, kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza na kudai apewe soda ndiyo atoke. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Mimi nimelelewa na desturi hiyo na naipenda. Imeokoa misiba mingi isiue watu kwa huzuni. Lakini tangu siku ile pale hospitali nimejua kwamba mtu anaweza pia kujificha ndani yake.

Nilijaribu kukasirika. Mungu anajua nilijaribu. Tulipotoka hospitali nilivuka barabara nikasimama mbele ya karakana, nikamwita muuaji, nikamwita mla macho ya watu, nikamwambia ukoo wake wote mambo ambayo sitayaandika hapa. Watu wakajaa. Wakaanza kucheka.

“Mama Kulwa, michembe imekupanda kichwani leo!” Kibwana akajibu, akinisimanga kwa vile viazi vikavu vya kwetu Usukumani, na watu wakashikana mabega kwa kicheko.

Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kufurahi. Mwishowe nililia. Nikamsikia mtu nyuma yangu anasema huyu mama utani anauweza, mpaka machozi anatoa. Nilirudi kuvuka barabara peke yangu, na sijawahi kuiona ndefu namna ile.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, akasikiliza vizuri tu mpaka nilipotaja jina. Akauliza kama huyo si yule Mzaramo wa mageti. Nikasema ndiye. Nikaona mashavu yake yanajaa kicheko anachokizuia.

“Aa, nyie ni watani, mwanangu. Mtamalizana wenyewe.”

Hata Baba Kulwa, mume wangu, nilipompigia simu kule Geita anakochimba, kitu cha kwanza alichofanya ni kuguna kicheko kifupi kabla hajajizuia. Mzaramo tena? Alijirudi, akaomba radhi, akataka kupanda basi siku hiyo hiyo. Nilimkataza. Hasira hii ilikuwa yangu, sikutaka mtu aje kuninyang'anya.

Basi nikakaa nayo. Tangu Machi mpaka Agosti nimeshona nikiwa nimeikabili karakana ile. Kila grenda ikilia, Masanja, popote alipo, anainua mkono kulifunika jicho la kushoto. Jicho ambalo halioni tena! Anafanya bila kujua. Siku hizi anavaa miwani myeusi, hata mvua ikinyesha, hata kanisani.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa ndipo mahali pangu pa kusemea ukweli. Nimeimba kwaya kila Jumapili huku natamani mtu apigwe shoti. Nimewahi kumshonea mkewe gauni nikalikaza kwapa makusudi. Nimewahi kukaa nikiwaza, kwa raha kabisa, vile Kibwana angeonekana akiwa na jicho moja. Sikujiona vibaya. Nilijiona nimechelewa tu.

Jumanne iliyopita alikuja mfanyabiashara wa mchele na punda wake. Aliyeushika mguu ni kijana wa watu, uso mtupu kama wa Masanja siku ile. Kibwana akaishusha maski yake hiyo hiyo. Grenda hiyo hiyo, bila kava vile vile. Hakuna aliyeumia. Mwenye punda akafurahi, na Kibwana akatangaza kwa sauti kwamba Jumamosi, siku ya mnada, wenye punda wote waje, atawakatia mpaka jua lizame.

Nilisimamisha cherehani. Nikawahesabu kichwani watu watakaochuchumaa pale na nyuso zao wazi, nikashindwa kuendelea na kazi.

Nikaenda kwa Mama Shija. Huyu anauza chakula kibanda cha pili kutoka changu, na sauti yake msibani inajulikana mtaa mzima, akianza kulia yeye hata wasiomjua marehemu wanatoa machozi. Nikamwambia nataka kuichukua grenda ya Kibwana.

“Huo wizi, shoga yangu.”

“Si wizi. Ni utani.”

Alibaki ameshika mwiko hewani. Kisha akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la mkaa, akafuta machozi kwa upindo wa khanga, akaniuliza mazishi ni saa ngapi.

Sanda nimeishona mwenyewe. Kitambaa cheupe cha pamba, mshono wa kukunja mara mbili, usifumuke. Nimeshona magauni ya maharusi bila kuona raha niliyoiona kwenye kitambaa kile. Nilipima kwa macho tu. Nimeitazama grenda ile kwa miezi mitano, vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani.

Kaburi nalo lilikuwepo. Wiki hii nimeita mafundi wa kunijengea kibaraza mbele ya kibanda, na leo ndiyo walikuwa wamwage zege la nguzo. Shimo moja niliwaambia walichimbe zaidi. Hawakuuliza.

Asubuhi punda walikuwa wamejipanga kuanzia karakana mpaka kwenye duka la mbegu. Kibwana, kama kawaida yake, alikuwa kwa Mama Shija anakunywa chai na chapati kabla ya kuanza kazi. Grenda ilikuwa juu ya meza ya karakana, waya umezungushwa. Nilivuka barabara. Nikaifunika sanda, nikaibeba mikononi kama anavyobebwa mtoto mchanga, nikatoka nje nikapiga yowe.

Mama Shija aliangusha upawa akanijibu. Yowe lake lilifika stendi. Wanawake wa sokoni wakaacha nyanya zao wakaja mbio, wamejishika vichwa.

“Nani kafa? Nani kafa jamani?”

“Grenda ya Mzaramo!”

Sijui nielezee vipi kile kicheko. Kililipuka upande mmoja kikaenda mpaka mwisho wa foleni ya punda kikarudi. Wanawake wakaelewa papo hapo, Wasukuma wamefiwa na mtani, wakanipokea kwa vilio vya uongo, wakajifunga khanga viunoni. Kibwana akatoka na kikombe mkononi. Nilimtazama usoni wakati ule. Kwa kitambo kidogo alitaka kukasirika. Nilimwona anataka. Halafu akaona watu wote wanamwangalia, akakumbuka yeye ni nani na mimi ni nani.

Akacheka. Angefanya nini?

Tena akaikoleza. Akajitupa chini kwenye vumbi, akagaagaa, akalia kwamba mke wake mdogo amemwacha na nani. Watu wakampigia makofi. Alidhani ni yale yale ya siku zote, watani wataficha kitu, watadai kreti ya soda, watakirudisha. Akachukua sepetu la mafundi mwenyewe. Akatangulia mbele ya msafara, akaivuka barabara ile ile, mpaka kwenye shimo langu.

Pale Mama Shija akaomba utulivu, usomwe wasifu wa marehemu.

Sikuwa na karatasi. Maneno nilikuwa nayo.

“Marehemu Grenda alizaliwa ng'ambo,” nikaanza, “akaletwa nchini akiwa ndani ya boksi.” Wakacheka. “Alikuja Kahama kutafuta dhahabu, akaishia kukata kucha za punda.” Wakacheka zaidi. “Hakuwahi kuoa, hakuwahi kuzaa, na maisha yake yote hakuwahi kuvaa kava.” Kibwana alikuwa anajipiga mapaja, machozi yanamtoka.

“Marehemu ameacha jicho moja la Masanja.”

Waliokuwa mbele walinyamaza kwanza. Wa nyuma waliendelea kucheka kidogo, kisha nao wakasikia kwamba wanacheka peke yao.

“Ameacha ukwato mmoja wa punda usiokanyaga chini sawasawa. Ameacha diski iliyopasuka kwa sababu haikuwa saizi yake. Ameacha maski moja, iliyokuwa usoni kwa mwenye mashine, na mshika mguu hakuwa na kitu. Na ameacha pole moja, ndugu waombolezaji, ambayo haijasemwa tangu mwezi wa tatu mpaka leo hii.”

Masanja alikuwa pembeni na Limi na mkokoteni wake. Sikumwambia chochote kuhusu jambo hili, kwa sababu angenikataza. Alinitazama. Halafu akaivua miwani yake. Sijui kwa nini aliivua, sijamuuliza. Alisimama tu na uso wake wote kwenye mwanga, na watu waliomcheka miezi yote ile, bila hata kujua wanamcheka nani, walimwona kwa mara ya kwanza.

Mzee mmoja kwenye foleni akaanza kufungua kamba ya punda wake, polepole, bila kumtazama mtu.

Nikaidondosha grenda shimoni. Fundi wa zege akaniangalia na toroli lake. Nikamwambia amwage.

Kibwana akanisogelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu mwingine kabisa.

“Mama Kulwa, si unatania?”

“Natania, mtani wangu,” nikamjibu, na tabasamu nikalitoa lote. “Natania.”

Zege likaingia. Nondo zikasimamishwa, mbao zikafungwa, nguzo ikaanza kuonekana nguzo. Kibwana alisimama mpaka mwisho, sepetu bado mkononi, kama mfiwa wa kweli. Punda wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna ukwato uliokatwa leo.

Ilikuwa tamu. Nisidanganye. Mchana nilikula wali wa Mama Shija nikaongeza, na sikumbuki mara ya mwisho chakula kilikuwa na ladha ni lini. Watu walikuja kuigusa nguzo. Alasiri nilimwona Kibwana amemsimamisha mwenyekiti barabarani, anaeleza kwa mikono, ananionyesha mimi, anaonyesha kibaraza. Upepo ukaniletea jibu la mwenyekiti.

“Nyie ni watani, Kibwana. Mtamalizana wenyewe.”

Nikakanyaga pedali nikaendelea kushona.

Ningeishia hapa ingekuwa shajara nzuri. Ningeichapisha nikalala.

Lakini jua lilipokuwa linateremka, Kibwana alivuka barabara. Tangu nimjue hajawahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Salamu yake ni mla michembe, nami yangu ni mvivu wa pwani, na siku inaanza. Leo alisimama kwenye ukingo wa kibaraza, karibu na nguzo mbichi, kofia ameivua.

“Habari za jioni, Mama Kulwa. Masanja yupo? Nimekuja... nilikuwa nataka kumwambia...”

Nikajua kinachokuja. Neno nililolisubiri pale miguuni pa kitanda, nililolililia mbele ya karakana, lilikuwa mdomoni kwake, limebakiza kutoka.

Nikacheka.

Nilicheka kwa nguvu, nikawaita majirani: “Jamani njooni! Mzaramo kaja kuulizia arobaini ya marehemu!” Wakaja wanacheka. Akajaribu tena. Akasema hatanii, akasema leo anasema kweli, akainua mikono yote miwili. Majirani wakazidi kufurahi, mmoja akasema huyu baba utani anauweza, tazama macho yake yalivyolowa.

“Kumbe,” nikamwambia taratibu, yeye tu asikie. “Ndivyo inavyokuwa.”

 Halafu akageuka akaivuka barabara kurudi kwake, peke yake. Nilimtazama mpaka akafika. Naijua barabara ile ilivyo ndefu ukiirudia namna hiyo, na nilitaka aijue.

Nilipogeuka, Masanja alikuwa mlangoni. Chumba chetu kiko nyuma ya kibanda, ukuta wenyewe ni mabati. Alikuwa na tupa ya baba mkononi na unga mweupe wa ukwato kwenye suruali. Alikuwa amesikia yote.

“Dada, alikuja kusema nini?”

Nikamwambia utani tu.

 Alijipangusa unga magotini, akainua uso.

“Ile pole ilikuwa ni yangu, dada. Haikuwa yako.”

Akarudi nyuma, zizini kwa Limi.

Nimekaa hapa tangu wakati huo na simu mkononi.  Bado nina hasira na Kibwana, nisijifanye malaika. Nikimfikiria na ile maski yake damu inanichemka kama Machi. Grenda ikifufuka kesho naizika tena. Lakini naona kwamba leo mchana niliwafanya watu wamwone mdogo wangu, na jioni nikasimama mbele yake asionekane. Kibwana alimfanyia hivyo kwa kicheko. Mimi nimetumia kicheko hicho hicho, na sikuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba kilikuwa kitamu.

Kule ng'ambo ya barabara mlango wa karakana umefungwa, mtu kafuta yale maandishi ya chaki. Limebaki doa tu.

Masanja amesema kesho tukitoka ibadani atavuka barabara mwenyewe, bila miwani. Amesema nisimfuate.

Nitaweza kweli kukaa kwenye kiti changu, nikaegemea nguzo ile, na nikafunga mdomo?